Mwaka Niliopaka Mawe Chokaa

Simu ya Shaweji ilinikuta Nachingwea, kwenye benchi la wastaafu. Tulikuwa tumeitwa kuhakikiwa, maana kila baada ya muda serikali hutaka kuona kwa macho yake kwamba yule anayekula pensheni bado anavuta pumzi, nasi hujitokeza tumepiga pasi nguo kana kwamba tunaenda gwarideni. Wanaume walikuwa wanalinganisha sukari na presha. Koplo Deusi, aliyekuwa chini yangu stoo kwa miaka mingi na ambaye hadi leo hawezi kuniita kwa jina, alikuwa ananieleza biashara yake mpya ya kufuga kware, nami namsikiliza nusu nusu. Shaweji ni mtoto wa jirani yangu wa Likunja, Bi Somoe. "Mama Mdogo," alisema, "mama ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri. Halafu alisema uje na chokaa." Nikamuuliza chokaa ya nini. "Hakusema. Alisema wewe utajua." Nilijua. Nilikaa na simu mkononi, machozi yakinitoka mbele ya wanaume niliowahi kuwafokea, na sikuona haya hata kidogo.

Deusi alinisindikiza hadi duka la vifaa vya ujenzi, akanibebea mfuko wa chokaa mpaka kwenye gari la Ruangwa bila kuuliza lolote, jambo ambalo kwake ni adabu kubwa. Nikaketi, mfuko ukiwa miguuni. Watu hudhani mtu ana ujana mmoja. Mimi nilipata wa pili nikiwa tayari na mvi, mwaka niliovua sare, na huo wa pili ndio ulionifundisha kuishi. Ya Kondoa nilikozaliwa, ya mume aliyetangulia mbele ya haki, ya kambi nilizopita, hayo nayaacha. Hapa nataka mwaka mmoja tu, ule wa kwanza uraiani, mwaka ambao nusura nifilisike kwa sababu ya ndoo ya chokaa, na ambao Bi Somoe aliniuliza swali nililokuja kulijibu juzi tu.

Nilikabidhi funguo za stoo nikiwa Staff Sajenti. Jeshi linakulea kama mtoto wa tajiri. Chumba, matibabu, nguo, hata saa ya kulala, vyote umeshaamuliwa. Miaka yote nilijua bei ya buti na ya turubai, na sikujua mtu wa kawaida anapangaje chumba. Halafu asubuhi moja unaambiwa ahsante kwa utumishi wako, unapewa kiinua mgongo, na geti linafungwa nyuma yako. Hela ya kustaafu ina harufu, na pua za watu ni kali. Binamu niliyekuwa nimeshamsahau alitokea na wazo la bodaboda. Mke wa ofisa mmoja akanishauri nijenge gesti. Deusi, aliyestaafu kabla yangu, alikuwa amenunua gari la abiria la kwenda Masasi, na siku aliponialika kwake Nachingwea kula pilau ya kuniaga nililiona gari lenyewe uani, limepandishwa juu ya matofali, kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Mkewe alituandalia chakula kizuri sana na hakuligeukia lile gari hata mara moja. Nilikula nikiyatazama matofali yale. Niliapa pale pale, vidole vikiwa na mafuta ya pilau, kwamba jasho langu halitaishia juu ya matofali.

Nikanunua shamba la mikorosho Likunja, wilayani Ruangwa. Warithi wake walikuwa wamehamia mjini na hawakutaka tena kusikia habari ya jembe. Miti ilikuwa ya zamani, matawi yamelaliana, nyasi zimefika kifuani. Deusi alikuja kuliona, akauzunguka mti mmoja, kisha akasema, "Afande, umenunua kuni." Nilifyeka, nikakata matawi makavu, nikanunua mashine ya kupulizia ya kubeba mgongoni na mifuko ya salfa, ule unga wa manjano ambao usipoutia, mkorosho wa huku hukupa majani tu. Kilichobaki nilikitenga kwa ajili ya bati za nyumba yangu, na pensheni ya mwezi ikawa ya chumvi na sabuni. Hesabu yangu ilikuwa fupi kama amri. Miti ikizaa nimepona, isipozaa narudi Kondoa kulala sebuleni kwa kaka.

Shamba halikuwa na nyumba, kwa hiyo nilipanga chumba kwa Bi Somoe, ambaye shamba lake limepakana na langu. Alikuwa mjane mfupi, mkavu, mwenye ulimi usiopitwa na jambo. Kuta za nyumba yake ziliishia chini ya paa, hivyo ukipiga chafya chumbani kwako, wa chumba cha pili anakuambia pole. Nilitandika kitanda kijeshi, shuka limekazwa, blanketi limekunjwa pembe nne. Bi Somoe alisimama mlangoni akakitazama. "Hapo analala mtu au wanalaza maiti?" aliuliza. Lakini alinilisha. Asubuhi aliniwekea chai ya rangi na sahani ya ming'oko, mizizi myembamba ya porini ambayo wanawake wa huku huichimba na kuichemsha, na ukiimenya inakuachia unga mtamu mdomoni. Mchana ulikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Nilipotaka kumlipa alinisukuma mkono. "Kodi ya chumba utalipa," alisema. "Chakula hakina mpangaji." Nilikuwa nimekula kwenye mabwalo makubwa maisha yangu yote, na sikumbuki kama kuna siku mpishi alinitazama nikimaliza sahani, kama alivyonitazama yule mama.

Mvua zilipokatika nilikuwa nimemaliza kazi nzito, na mwili wa askari ukikosa kazi hujitafutia. Nilikusanya mawe kutoka korongoni, nikayapanga kwenye njia ya kuingilia shambani na mpakani kote, mstari nikaunyoosha kwa kamba. Kisha nikakoroga chokaa kwenye ndoo, nikatia chumvi ishike vizuri, nikayapaka moja moja kwa brashi ya katani. Aliyewahi kuingia kambi yoyote ataelewa. Kambini jiwe lisilo na chokaa ni kama askari asiyenyoa ndevu, lazima mtu aulizwe. Sikuwa na nia yoyote zaidi ya usafi. Nilipomaliza nilisimama barabarani, nikalitazama shamba langu na mipaka yake myeupe, na kwa mara ya kwanza tangu nivue sare nikajiona mtu mwenye mahali pake. Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi.

Wakati ule habari ya kinywe ilikuwa mdomoni mwa kila mtu wilayani. Ni madini meusi, yanachafua mkono kama mkaa, na wanaoyatafuta walishapita huku na kule. Watu walisimuliana kwamba popote walipopita waliacha vigingi na mawe yenye rangi. Baada ya mawe mikutano, baada ya mikutano fidia, na baada ya fidia unaonyeshwa njia. Sasa mfikirie mwanamke mgeni, mtu wa kuja, katoka serikalini, kanunua shamba ambalo hakuna aliyelitaka, na alfajiri anaonekana anavuta kamba na kuweka mawe meupe. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Niliona tu watu wa baiskeli wakipunguza mwendo mbele ya shamba langu. Salamu zikawa fupi. Sahani ya ming'oko ikakoma, ikabaki chai, nayo imepoa. Na kila asubuhi nilikuta jiwe moja limesogezwa nje ya mstari, limelala kwenye nyasi. Nikalirudisha. Kesho yake jingine. Nilidhani ni mbuzi.

Ukweli niliupata kwa kupitia juu ya ukuta. Ilikuwa mchana wa jua kali, nimejilaza na homa kidogo, na Bi Somoe alikuwa na mgeni kutoka Chinongwe, shoga yake wa tangu usichana. Walikuwa wanamenya karanga, nasikia maganda yakivunjika.

"Salfa umeshanunua?" aliuliza mgeni.

"Ya nini? Nipulizie miti ya serikali?"

"Kwani wamesema wanakuja lini?"

"Wao hawasemi. Wameniwekea mpimaji wao ndani ya nyumba yangu, namchemshia chai."

"Si umtoe."

"Nimtoe vipi, kalipa kodi mpaka mwezi wa kumi. Tena bora nimwone anavyofanya. Huku wote tumesema mwaka huu hakuna kutia salfa. Wakija, wachukue miti na magonjwa yake."

Karanga zikaendelea kuvunjika. Mimi nikasahau homa.

Asiyelima korosho hataelewa kwa nini maneno yale yalinitoa kitandani. Mkorosho ukianza kuchanua hushambuliwa na ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga wa sembe, unaokausha maua kabla hayajashika. Salfa huuzuia, lakini upepo hauheshimu mpaka. Unaweza kupulizia miti yako mpaka igeuke manjano, jirani asipopulizia ya kwake ugonjwa utahamia kwako kila kukicha. Shamba langu lilizungukwa pande zote na watu walioamua kutopulizia. Hela yangu yote ya jeshini ilikuwa kwenye miti ile, na nilikuwa nimeiweka hatarini mimi mwenyewe kwa brashi ya katani.

Nilimfuata jikoni jioni ile, akiwa anasonga ugali.

"Bi Somoe," nikamwambia, "yale mawe nimepaka mimi."

"Najua. Una chokaa kwenye kucha."

"Sikutumwa na mtu."

"Mtu mzima anaamka alfajiri anapaka mawe, hajatumwa?"

"Jeshini ndivyo tulivyozoea. Ni usafi tu."

"Usafi wa mawe." Aliukandamiza ugali kwa mwiko. "Afande, mimi nimezaliwa hapa. Mawe ya hapa hayajawahi kuwa machafu."

"Nimestaafu, Bi Somoe. Mimi na serikali tumeshaagana."

"Wewe umestaafu. Serikali haistaafu." Akaepua sufuria, akalifunika. "Hebu nikuulize. Siku ukifa, utazikwa wapi?"

Nilijibu bila kufikiri, kama ninavyotaja namba yangu ya jeshi. "Kondoa."

"Basi," alisema, akanipa mgongo. "Mtu ambaye kaburi lake liko kwingine ataniambia nini mimi juu ya ardhi?"

Baada ya hapo nilifanya ambalo askari yeyote angefanya, nikalipeleka jambo ngazi ya juu. Mtendaji wa kijiji, kijana mwema aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine, aliitisha mkutano, akawahakikishia watu kwamba hakuna upimaji, hakuna mradi, na hakuna mtu atakayeondolewa. Walimsikiliza kwa adabu na wakapiga makofi. Wakati tunatoka nilimsikia mtu mmoja akimwambia mwenzake, "Umesikia? Ndiyo imeshaanza." Hata wale wachache waliokuwa bado wanasitasita wakauza salfa waliyokuwa nayo ndani. Niliwaza kuyang'oa mawe. Nikaona nikiyang'oa watasema naficha ushahidi, basi nikayaacha. Na yule mbuzi wa kusogeza mawe nikamfumania asubuhi moja. Alikuwa amevaa kanga. Bi Somoe alilisukuma jiwe kwa kisigino, akaendelea na safari yake ya kisimani kama mtu aliyejikwaa.

Wiki ile ile jirani wa upande wa pili alinifuata shambani, akavua kofia. "Afande, wewe unaijua siku yao," alisema. "Ninunulie korosho zangu mapema, kabla hawajafika. Utanipa chochote." Nilimwambia hakuna siku, hakuna wao, aende akapulizie miti yake. Akatabasamu kwa unyonge, kama mtu aliyeambiwa bei haijamfaa mnunuzi. Nilimpigia Deusi kumlalamikia, na Deusi akachangamka kwa mara ya kwanza tangu gari lake life. "Afande, Mungu akupe nini tena? Nunua za wote. Miti yao utaipulizia mwenyewe, ugonjwa umekwisha, na korosho zote ni zako. Mwisho wa msimu wewe ndiye tajiri wa Likunja." Kununua korosho za watu zingali maua huku wanaita kangomba, na imekatazwa. Lakini ubaya wake ni kwamba alikuwa sahihi. Ingenitoa kabisa kwenye shimo, na wao wangeniletea kwa mikono yao miwili. Niliuhisi uso wangu unawaka. Niliishika stoo miaka yote ile na hakuna siku niliyotoka hata na kamba ya kiatu. "Deusi," nikamwambia, "nenda kawalalie kuku wako mayai." Nikakata simu, na hatukusemezana mpaka masika yaliyofuata.

Maua ya kwanza yalipoanza kuchungulia nilijua muda wa kubembeleza umekwisha. Nilichukua hela ya bati, nikaenda Ruangwa mjini, nikanunua salfa ya kutosha mashamba yote yanayopakana na langu. Nilirudi nayo, nikaiteremsha uani kwa Bi Somoe. Alikuwa kwenye mkeka anachambua mbaazi.

"Nini hii?"

"Salfa yako. Na ya wote tunaopakana."

"Nani kakwambia nina hela?"

"Sitaki hela."

Mikono yake ikasimama. Huku mtu akikupulizia miti anakuwa na fungu lake kwenye mavuno, na hakuna anayehitaji kulitamka. "Kwa hiyo unataka korosho zangu," alisema.

"Sitaki hata moja."

"Bure ina nini ndani yake, Afande? Mimi vya bure nilishaviona."

Hapo nikakasirika. Sikukasirika kwa busara. Nilikasirika kwa sauti ile ya stoo, niliyokuwa naitumia askari akirudisha turubai limetoboka. "Bi Somoe, mimi sikupendi kiasi hicho," nikamwambia. "Chai yako imepoa tangu mvua zikatike, na mawe yangu unayasogeza wewe, nimekuona. Naogopa ubwiriunga wako. Usipopulizia wewe unakuja kwangu. Hela yangu yote iko kwenye miti ile. Yote. Sasa hata bati zangu ziko ndani ya mifuko hii. Miti isipozaa sina pa kwenda ila kwa kaka yangu, na mke wake hanitaki." Tangu nivue sare sikuwahi kumwambia mtu kwamba naogopa.

Bi Somoe aliweka ungo chini. "Hela yako yote umeiweka pale?"

"Yote."

"Kwenye miti ile iliyolaliana, ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Halafu ukapaka mawe."

"Nikapaka mawe."

Nikaona mdomo wake unapigana na kicheko. "Basi hukutumwa," alisema. "Serikali haiweki hela yake yote shimo moja." Akanyanyuka, akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Mkutano wa mtendaji ulikuwa umeshindwa, lakini kabla jua halijatua Bi Somoe alikuwa amepita nyumba zote zinazopakana nasi. Maneno aliyowaambia niliyasikia baadaye sana, tena kwake mwenyewe, akiyarudia kwa raha. Aliwaambia kwamba yule mwanamke si mpimaji, ni mjinga tu, na jirani mjinga husaidiwa.

Salfa hupuliziwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo haujaamka. Saa hiyo mimi nimezoea kuwa macho, ndiyo saa ya mchakamchaka. Nilivaa buti zangu za zamani, nikajifunga kitambaa usoni, nikabeba mashine mgongoni. Tulianzia shambani kwa Bi Somoe kwa sababu nilitaka waione inaanzia kwake. Yeye alitangulia mbele ya mashine, ananyooshea kidole matawi niliyoyaruka, ananifokea kwa sauti ambayo sikuwahi kukutana nayo hata depo, kwenye mafunzo ya ukuruta. Unga wa manjano ulipanda kwenye miti, ukatua polepole. Mti wa pili hivi, majirani wakaanza kutokea mmoja mmoja na mashine zao, wengine wanaazima, hakuna aliyesema lolote kuhusu kinywe. Tulirudi nyumbani macho yanawasha, tumekuwa wa manjano kama vifaranga. Mezani kulikuwa na ming'oko. Nilikula huku nalia kwa salfa, na pengine si kwa salfa tu, na Bi Somoe akanisogezea chai ikiwa inatoa moshi.

Sitadai kwamba tulitajirika. Tulirudia kupulizia mpaka maua yakashika, na bado kuna miti iliyonivunja moyo, ikaniletea korosho za kujaza kofia. Lakini mingi ilizaa. Kipindi cha mavuno kijiji kizima kilinuka mabibo, na mgongo wangu uliogoma kuinama mbele ya maofisa uliinama kuokota kuanzia asubuhi hadi jioni. Malipo yalipotoka baada ya mnada yalirudisha bati zangu na kunibakizia salfa ya mwaka uliofuata, na kwangu huo ndio ulikuwa utajiri. Bi Somoe alikuja mlangoni kwangu na hela ya salfa yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Nikamkumbusha kwamba nilisema sitaki. "Chakula hakina mpangaji," alisema, "salfa ina mwenyewe." Akaiacha kitandani, juu ya blanketi la pembe nne, na kabla ya kutoka akalivuruga kidogo kwa mkono.

Nilijenga, nikahama kwake, nikawa jirani wa kweli. Kila mwaka mvua zikikatika nilikoroga chokaa nikapaka mawe yangu, na watu wakipita walicheka wakaniuliza lini tunahamishwa. Na kila mara nilipomaliza, asubuhi yake jiwe moja lilikuwa nje ya mstari. Nilimuuliza Bi Somoe sababu, maana vita vilikuwa vimekwisha. "Mstari ukinyooka sana najiona nimepimwa," alisema. "Acha moja lipumue." Nikaacha. Kumbe nilikuwa nimeishi miaka mingi bila kuacha kitu kipumue. Siku hizi vijana wanaokaribia kuvua sare hunipigia kuniuliza hela waiweke wapi. Wanataka nitaje biashara. Mimi nawauliza kwanza, hiyo hela yako itakuwa na majirani gani? Wananiuliza kama simu imekata.

Siku ile ya simu nilifika Likunja wameshazika. Nilikaa na wanawake wenzangu ndani, kwenye chumba kile kile chenye ukuta usiofika juu, tukala wali wa msibani na kumsema marehemu kama yeye alivyotusema sote, bila kuficha. Dua ya siku ya tatu ilipokwisha Shaweji alinipeleka kaburini. Wamemlaza mwisho wa shamba lake, karibu na mpaka wetu, chini ya anga tupu, maana alikataza kuzikwa chini ya mti. Shaweji alikuwa ameshaleta mawe kutoka korongoni. Nikakoroga chokaa, nikatia chumvi. Kwa mazoea nikatoa kamba mfukoni na kuivuta kutoka kichwani mwa kaburi hadi miguuni. Shaweji akakohoa.

"Mama Mdogo," alisema, "alisema usinyooshe sana."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia nikiwa pale pale chini, na yule kijana, ambaye sasa ni baba wa watoto, akanishika bega akasubiri. Nilikunja kamba nikairudisha mfukoni. Nikayapanga mawe kwa macho tu, nikayapaka yote, na la mwisho nikalibeba nje ya mstari, nikaliweka kwenye ardhi iliyo wazi kati ya kaburi lake na shamba langu.

Shaweji alilitazama. "Hilo ndilo la kupumua?"

"Hilo ni langu," nikamwambia. "Siku yangu ikifika, msinipeleke Kondoa. Anzieni hapo."